Kuthamini silaha za mzee mkusanyaji anayetaka kuuza: maswali yanayoulizwa mara kwa mara

Haya ni maswali ambayo watoto, wajane na wazee wenyewe wanayarudia kila mara linapokuja suala la kuuza bunduki zilizokusanywa maisha mazima. Nimeyapanga kuanzia yale ya mwanzo kabisa mpaka yale yanayoumiza kichwa, na swali likijibiwa sehemu nyingine nitakuelekeza namba yake.

## Kabla hujagusa kitu

1. Mzee anataka kuuza mkusanyiko wake, tuanzie wapi?

Anza kwa kukaa nae. Kabla hujapiga picha hata moja muulize kila bunduki aliipata wapi, lini, kwa nani, kama kuna karatasi yoyote, na ipi hataki iuzwe kabisa. Watu wanairuka hatua hii kwa haraka ya kujua bei, wakati kumbukumbu ya mzee ndo kitu pekee kwenye ile nyumba ambacho hakinunuliki tena. Akishaanza kusahau basi zile Mauser (bunduki za Kijerumani) mbili zilizolala kwenye kabati zinabaki Mauser mbili tu, hakuna atakaejua kwamba moja bolti yake ya asili (chuma kinachofunga nyuma ya mtutu) imefungwa kwenye kitambaa kule kwenye droo, na hiyo bolti peke yake inaweza kubadilisha bei kuliko kitu kingine chochote utakachofanya. Mrekodi kwenye simu akikubali.

La pili ni sheria. Uliza mamlaka ya silaha ya nchi yenu, au wakili, nani anaruhusiwa kushika, kusafirisha na kuuza. Sehemu nyingi ukibeba bunduki ya mzazi kwenda kwako "nikaiangalie vizuri" tayari umeshahamisha silaha bila kibali, hata kama nia yako ni safi kabisa.

2. Nitajuaje kama haina risasi ndani?

Chukulia kila moja ina risasi mpaka ithibitishwe, na kama hujui kufungua mfumo wake usijaribu, mwite fundi silaha. Bunduki za wenzo (zinazokokiwa kwa mkono wa chuma ulio chini) kama Winchester na nyingi za .22, zile za risasi ndogo, zinabeba risasi kwenye bomba lililo chini ya mtutu, kwahiyo unaweza kuangalia chemba (pale risasi inapokaa tayari kupigwa) ukaiona tupu kumbe bombani kuna tano zinasubiri.

Magobore ndo yanadanganya zaidi. Mengi yaliwekwa ukutani yakiwa yameshindiliwa na hakuna aliyekumbuka, na baruti nyeusi ikikaa kavu haifi, hata ipite miaka mingapi. Kipimo ni rahisi: mdomo wa mtutu usikuelekee wewe wala mtu mwingine, simama pembeni, ingiza fimbo ya mbao taratibu mpaka igome, weka alama pale mdomoni, itoe alafu ilaze juu ya mtutu kwa nje. Kama ncha ya fimbo haifiki karibu na tundu la moto (pale cheche inapoingilia kwenye baruti) kuna kitu kimekaa mle ndani. Ukifika hapo acha, muachie fundi aitoe.

3. Naweza kuzisafisha kidogo zipendeze kabla ya kupiga picha?

Hapana. Futa vumbi kwa kitambaa laini, pitisha oili nyepesi kwenye chuma, basi. Usiguse msasa, stili waya, dawa ya kung'arisha shaba wala vanishi ya mbao. Mkusanyaji analipia uso wa asili, hata ukiwa umefifia, hata ukiwa na ile kahawia ya uzee, na ukishausugua hakuna fundi duniani atakaeurudisha. Nimeona bunduki nzuri ikipoteza sehemu kubwa ya thamani yake kwa jioni moja ya kazi ya mikono iliyofanywa kwa upendo, na ndo maana narudia hili kwa kila mtu anaenipigia.

Skrubu pia ziache. Kichwa cha skrubu kilicholiwa na bisibisi isiyolingana kinamwambia mnunuzi kwamba humu ndani mtu ameshaingia.

4. Orodha iwe na nini?

Mtengenezaji, modeli, kaliba, yaani ukubwa wa risasi yake, kama ilivyochongwa kwenye mtutu (sio kama mtu anavyokumbuka), namba ya silaha, urefu wa mtutu, na kila alama ndogo unayoiona, herufi, taji, tai, nyota, duara, hata kama huielewi. Piga picha kwenye mwanga wa mchana bila flashi, pande zote mbili, alafu karibu kwenye maandishi na kwenye kila kasoro. Kasoro piga zaidi kuliko uzuri.

Hiyo orodha itunze kama unavyotunza hati ya nyumba. Usiirushe kwenye makundi ikiwa na jina la mzee na anapokaa, maana utakuwa umewachorea wezi ramani.

## Bei inatoka wapi

5. Bei halisi naipata wapi?

Kwenye mauzo yaliyokamilika. Bei ya tangazo ni ndoto ya muuzaji, kuna bunduki inakaa kwenye tangazo miaka mitatu kwa bei ileile na kila mtu anaitumia kama ushahidi wa thamani wakati ushahidi wake ni kwamba kwa bei hiyo hakuna anaeitaka. Tafuta mauzo ya mnada ya mwaka mmoja au miwili iliyopita, ya modeli ileile, kaliba ileile, kipindi kilekile cha kutengenezwa na hali inayokaribiana, alafu chukua kadhaa. Bei moja iliyopaa sana inaweza kuwa watu wawili waligombana tu ukumbini. Vitabu vya bei vinasaidia kutambua aina na kuona ipi ni adimu kuliko ipi, ila namba zake huwa zinachelewa kufuata soko.

Na soma matokeo ya mnada kwa akili. Tuseme nyundo imegonga kwa 1,000, mnunuzi anaongezewa ada ya asilimia 20 anatoa 1,200, muuzaji anakatwa kamisheni ya asilimia 15 anapokea 850. Kwenye orodha ya matokeo mara nyingi wanaandika ile 1,200. Kwahiyo ukimwambia mzee "yako ni 1,200" umemuahidi pesa ambayo haitafika mfukoni mwake.

6. Mbona dila (mfanyabiashara wa silaha) anatoa nusu ya nilichoona kwenye mauzo?

Kwa sababu yeye ananunua ili auze. Atakaa nayo miezi, ana leseni, bima, stoo, na atabeba hasara kama itagundulika ina tatizo. Ofa yake kuwa chini sio wizi. Wizi unaanza pale anapomwambia mzee kwamba hiyo ofa ndo thamani ya bunduki.

Kwahiyo mimi kila silaha naiandikia namba tatu: bei ambayo mkusanyaji wa mwisho anaweza kulipa, pesa itakayobaki baada ya mnada kukata vyake, na pesa taslimu ambayo dila wa kawaida atatoa leo. Mzee anachagua mwenyewe kati ya pesa, muda na usumbufu. Mzee wa miaka 80 anaechagua ya tatu hajaibiwa kama ameziona zote tatu.

7. Mzee anasema hii ni adimu sana, mbona bei yake ndogo?

Adimu bila wanaoitaka haina soko. Kuna bastola zilitengenezwa mia chache tu na zinauzwa chini ya zile zilizotengenezwa laki, kwa sababu zile za laki zina historia, zina watu waliozitumia jeshini, zina wakusanyaji wanaofuata kila badiliko dogo.

Ladha nazo zinahama. Waliokua wakitazama sinema za kaboi walitaka rivolva za Colt za 1873 na Winchester za wenzo, waliofuata wakataka silaha za Vita vya Pili, na wanaokuja sasa wana mapenzi yao. Mkusanyiko ulioanzishwa miaka arobaini iliyopita unauzwa kwa watu wa leo, sio kwa marafiki wa mzee, na wengi wa marafiki hao nao wako kwenye kuuza. Kuhusu namna ya kumwambia, tazama swali la 16.

8. Anazo za kumbukumbu, zenye dhahabu na boksi lake, hizo si ndo mali?

Hapa ndo wazee wengi wanavunjika moyo. Winchester walitoa Model 94, bunduki yao ya wenzo, nyingi za ukumbusho kuanzia miaka ya 1960, na watu walizinunua wakiamini ni akiba ya uzeeni. Ile ya Buffalo Bill ya 1968 ilitengenezwa zaidi ya laki moja, na karibu kila aliyeinunua aliiweka bila kuitumia, sasa zote zipo, zote mpya, zote na boksi. Ikiwa haijawahi kupigwa na ina kila kitu inapata bei ya kawaida, ikiwa imeshapigwa au boksi limepotea inashuka mpaka bei ya bunduki ya kuwindia. Zipo chache za toleo dogo zenye soko zuri kwahiyo angalia moja moja, ila usiziweke juu ya orodha kwa sababu zinang'aa.

## Kuiangalia silaha yenyewe

9. "Hali nzuri" maana yake nini hasa?

Maneno mazuri na safi hayana maana mpaka uyafunge kwenye kipimo. Wengi wanatumia madaraja ya NRA, chama cha wenye bunduki cha Marekani, na madaraja ya silaha za kale yako tofauti na ya silaha za kisasa, bunduki ya 1870 yenye daraja la "nzuri" inaruhusiwa kuchakaa kuliko ya 1970 yenye daraja hilohilo. Kwahiyo sema unatumia yapi.

Mimi naona ni uaminifu zaidi kutaja asilimia ya rangi ya asili ya chuma iliyobaki, hali ya ndani ya mtutu (mifereji iko mikali au imelika, kuna vishimo vya kutu au hakuna), mbao ina nyufa au haina, na mfumo unafanya kazi au haufanyi. Bei haipandi polepole kadiri rangi inavyoongezeka, inaruka: kutoka asilimia 60 kwenda 70 tofauti ni ndogo, kutoka 90 kwenda 98 inaweza kuwa mara mbili. Ndo maana kukadiria 95 mahali penye 85 ni uongo wa gharama kubwa, na unaumiza upande wowote unaouamini.

10. Watu wanauliza kama namba zinafanana, wana maana gani?

Bunduki nyingi za kijeshi za Ulaya kila kipande kilichongwa namba ya bunduki yake au tarakimu zake za mwisho. Kwenye Luger P08, bastola ya jeshi la Ujerumani, utakuta namba kamili kwenye fremu na tarakimu mbili za mwisho kwenye vipande vidogo vidogo, na kwenye za jeshi hata magazini (kibebeo cha risasi) inaweza kuwa na namba. Zikifanana zote mkusanyaji anajua hiyo bastola iko kama ilivyotoka, zisipofanana bei inaanguka sana hata ikiwa inapendeza kwa macho. Mauser Kar98k, bunduki ya jeshi la Ujerumani ya Vita vya Pili, ni hivohivo, bolti ndo ya kuangaliwa kwanza kwa sababu ndo ilikuwa inapotea au kuchanganywa kirahisi.

Jihadhari na namba zilizochongwa baadae. Kar98k zilizotekwa na Wasovieti zilifunguliwa, zikasafishwa, zikapakwa rangi nyeusi upya, na bolti ikachongwa namba ya bunduki kwa kalamu ya umeme. Zinafanana ndio, lakini hazikutoka pamoja kiwandani, na muuzaji mwaminifu anaandika hivo waziwazi.

Usilazimishe sheria hii kwa kila silaha. M1 Garand, bunduki ya jeshi la Marekani ya Vita vya Pili, vipande vyake havikupewa namba ya bunduki, zile tarakimu unazoziona kwenye bolti na kwingine ni namba za mchoro wa kiwandani. Nyingi zilipita kwenye karakana za jeshi zikabadilishwa vipande. Anaekwambia Garand yake "namba zote zinafanana" ama hajui ama anategemea wewe hujui.

11. Nitagunduaje kama imepakwa rangi upya?

Angalia maandishi kwanza. Herufi za kiwandani zina kingo kali, ikishasuguliwa kwa mashine zinakuwa kama zimeyeyuka, nyingine zinafifia upande mmoja. Alafu matundu ya skrubu na pini, kwenye chuma kilichosuguliwa kingo zake zinabonyea kidogo kama kisahani. Kona zinazotakiwa kuwa kali zinakuwa za mviringo. Ukiona rangi nzuri imeingia mpaka ndani ya vishimo vya kutu hapo hakuna mjadala, kutu ilikuja kwanza rangi ikafuata.

Jambo jingine ni rangi kukaa mahali pasipostahili. Vipande ambavyo kiwanda kiliviacha vyeupe au viliivishwa kwa moto vikapata rangi ya njano ya majani makavu, ukivikuta navyo vina bluu ileile ya mwili mzima ujue vyote vilitumbukizwa pamoja. Bunduki iliyopakwa upya kwa ustadi bado inauzika, kwa mtu anaetaka kupiga nayo. Ila isiuzwe kwa bei ya rangi ya asili.

12. Kuna bunduki za jeshi zilizokatwa mbao na kuwekewa darubini, zina thamani?

Kwa nyingi zao thamani ya kihistoria imeondoka. Baada ya vita Mauser, Springfield 1903 na Lee-Enfield ziliuzwa kwa bei ya chini na watu wakazigeuza za kuwindia, ilikuwa kawaida na haikuwa dhambi. Leo mbao iliyokatwa inaweza kutafutiwa nyingine, lakini tundu la darubini kwenye mwili wa bunduki (chuma kinachoshika mtutu na bolti) halizibiki kwa mkusanyaji. Zithamini kama bunduki za kuwindia.

Lakini usizitupe zote kwenye fungu moja bila kusoma maandishi ya mtutu. Warsha kubwa kama Griffin & Howe ya Marekani ziligeuza Springfield kwa kazi ya hali ya juu kabisa, na hizo zinatafutwa.

13. Wanaposema "kabla ya 64" wana maana gani?

Mwaka 1964 Winchester walibadilisha namna ya kutengeneza bunduki zao ili kupunguza gharama, na Model 70 (ya bolti) na Model 94 (ya wenzo) ndo zilizosikika zaidi. Zile za kabla wanunuzi wanazitaka zaidi, na mtu asiejua akiziweka mbili pamoja anaona kitu kimoja. Namba ya silaha ndo inayoamua mwaka. Hii ni sehemu ambayo familia zinapoteza pesa kimya kimya, kwa sababu mnunuzi aliyekuja nyumbani anaona tofauti na wao hawaioni.

14. Shotigani za zamani za mitutu miwili zinathaminiwaje?

Kwa vipimo zaidi kuliko kwa macho. Alama za ukaguzi za London, Birmingham au Liège ya Ubelgiji zilizo chini ya mitutu zinasema ilikaguliwa kwa baruti nyeusi tu au kwa baruti za kisasa, na hilo linaamua kama inaweza kupigwa bila hatari. Chemba nyingi za zamani za geji 12 (kipimo cha upana wa mtutu) ni za risasi ya milimita 65 wakati risasi za kawaida za leo ni 70. Kuna mitutu iliyowekewa mirija mipya, kuna iliyopanuliwa, kuna iliyobaki na unene mdogo mno katikati. Fundi mwenye kifaa cha kupima unene anakupa majibu ambayo jicho la mtu yeyote haliwezi kutoa, na gharama yake inarudi.

Soma jina lote, herufi kwa herufi. Westley Richards ni jina kubwa la Uingereza, na Ubelgiji zilitoka nyingi za bei nafuu zikiwa na "W. Richards" peke yake. Hiyo herufi moja ina uzito wote wa bei.

15. Boksi, karatasi na hadithi za mzee vinaongeza kiasi gani?

Boksi la asili lenye namba inayolingana na bastola linaongeza kwa kweli, na kwenye rivolva za Colt na Smith & Wesson linatafutwa kama kitu chenyewe. Barua ya kumbukumbu kutoka kiwandani nayo ni nzuri: Colt wanatoa barua inayosema silaha ilitoka lini, ikiwa na kaliba gani, rangi gani na ilipelekwa kwa nani, na rekodi nyingi za zamani za Winchester ziko kwenye makumbusho kule Cody, Wyoming. Barua ina faida hata ikileta habari mbaya. Kama inasema bastola ilitoka ya bluu na iliyopo mezani ina nikeli, bora ujue wewe kabla mnunuzi hajajua.

Hadithi bila karatasi bei yake ni sifuri, hata ikiwa ya kweli, hata ikiwa imetoka kwenye mdomo wa mzee unaemuheshimu kuliko wote. Karatasi inayotaja namba ya silaha ndo inabadilisha mambo, kwa mfano zile hati ambazo askari wa Marekani walipewa kuruhusiwa kurudi na silaha waliyoteka. Iandike hadithi na uiambatanishe, ila usiipandishie bei.

## Uaminifu kati ya watu

16. Mzee hakubali bei tuliyomwambia, tufanyeje?

Usibishane nae kwa maoni, weka mauzo mezani. Chapisha picha za mauzo matano ya bunduki kama yake, mruhusu aziangalie mwenyewe na jicho lake la miaka yote hiyo, mara nyingi ataanza yeye kusema "hii mbao yake ni bora kuliko yangu". Wazee hawa wanajua bunduki kuliko sisi, kilichobadilika ni soko.

Usimpandishie ili afurahi. Bei ya kufurahisha inamfanya akatae ofa tatu za haki, alafu baadae familia inauza kwa haraka kwa yeyote aliyepo, wakati yeye hayupo tena kusema lolote.

17. Anaethamini anataka pia kununua, kuna ubaya?

Upo, na hili ndo jambo ninalolishikilia kuliko yote kwenye ukurasa huu. Mtu mmoja hawezi kupanga bei na kuwa upande wa kuilipa. Akitaka kununua aseme mwanzoni kabisa kabla hajashika kitu, na bei ipangwe na mwingine. Malipo ya mthamini yawe kwa saa au kwa idadi ya silaha, yasiwe asilimia ya thamani, na akupe maandishi yenye tarehe, jina lake na kila kasoro aliyoiona.

Hata rafiki wa miaka mingi wa mzee. Hasa yeye. Rafiki wa kweli hatachukia ukisema tunapata bei ya pili kwanza.

18. Lazima nimwambie mnunuzi kila kasoro?

Ndio. Ufa kwenye mbao, mtutu uliobadilishwa, namba ya bolti isiyolingana, kizuizi cha usalama kisichoshika, vyote. Iliyo hatari kupigwa andika "isipigwe" kwenye risiti na kwenye tangazo. Toa siku chache za kuikagua na kuirudisha kama sheria ya kwenu inaruhusu, inapunguza ugomvi na mara nyingi inaongeza bei maana mnunuzi anaona huna cha kuficha.

19. Tuuze zote kwa mkupuo au moja moja?

Moja moja inaleta pesa zaidi na inachosha zaidi. Kwa mkupuo inaisha wiki hiyohiyo. Wengi wanachanganya: zile chache za juu kwenye mnada wa wakusanyaji, zilizobaki kwa dila. Unachotakiwa kukikataa ni mtu anaekuja kuchagua tano bora na kuahidi atarudi kwa nyingine, kwa sababu zile tano ndo zilikuwa zinawavuta wengine waje.

20. Mkusanyaji amefariki, mama ndo anauza, tofauti ni ipi?

Tofauti ni kwamba wanunuzi wanajitokeza mapema mno, wengine msibani. Usiuze chochote mpaka mirathi iwe wazi na kibali cha kushika silaha kijulikane kiko kwa nani, dila mwenye leseni au polisi sehemu nyingi wanaweza kuzitunza kwa muda. Kila anaetoa ofa aiandike na aache namba. Alafu mama apewe zile namba tatu za swali la 6 kwa sauti ya taratibu, mara mbili ikibidi, na maamuzi yabaki yake.

21. Mzee ameanza kusahau, tuendelee kuuza?

Pata daktari na wakili kwanza. Mauzo yaliyofanywa na mtu asieelewa anachosaini yanaweza kutenguliwa, na kinachoumiza zaidi ni kwamba silaha kwenye nyumba ya mtu anaesahau ni hatari leo hii, sio suala la bei. Zifungiwe mahali salama kisheria, bei itasubiri.

## Yale magumu

22. Bunduki ya kale haihitaji kibali, ni kweli?

Inategemea nchi, na tarehe zinatofautiana. Marekani kwa sheria ya shirikisho silaha iliyotengenezwa 1898 au kabla inahesabiwa ya kale. Uingereza kanuni za 2021 zinataka iwe imetengenezwa kabla ya 1 Septemba 1939 na iwe ya mfumo wa kale au ya risasi zilizoorodheshwa kama zimepitwa, na iwe inashikwa kama pambo au kitu cha udadisi. Kwa Marekani kinachohesabika ni umri wa mwili wa silaha, kwahiyo kuna Mosin-Nagant (bunduki yenye asili ya Urusi) za Wafini zilizojengwa karne ya 20 juu ya miili ya kabla ya 1899, tarehe ya kweli imefichwa chini ya mbao. Thibitisha kwa maandishi kabla ya kutangaza.

23. Tumekuta ya otomatiki, labda alirudi nayo vitani.

Usiibebe, usiitangaze, usimpigie picha rafiki. Marekani silaha hizi zilitakiwa kusajiliwa tangu 1934, kulikuwa na msamaha wa mwezi mmoja mwaka 1968, na daftari la raia lilifungwa Mei 1986. Ikiwa na karatasi zake za usajili ni mali ya thamani kubwa sana, ikiwa haina haiwezi tena kusajiliwa na raia na ni kosa kubwa kuwa nayo. Kwahiyo zile karatasi zitafuteni kila droo, kila bahasha, ndani ya sefu ya benki, kabla ya kukata tamaa. Na anaepigiwa simu kwanza ni wakili, nchi yoyote uliyopo.

24. Haina namba kabisa, au namba imefutwa.

Ni vitu viwili tofauti. Kabla ya 1968 viwanda vya Marekani havikulazimishwa kuweka namba kwenye kila silaha, kwahiyo shotigani na .22 nyingi za bei nafuu zilitoka bila namba na hakuna tatizo. Namba iliyokwanguliwa ni kosa la jinai sehemu nyingi, hiyo usiibebe, mpigie wakili, na usiiweke hata kwenye orodha ya kuuza.

25. Mshikio ni wa pembe ya ndovu, inaongeza bei?

Zamani iliongeza, sasa inaweza kuifanya isiuzike. Biashara ya kimataifa ya pembe ilizuiwa na CITES, mkataba wa kimataifa wa biashara ya wanyama na mimea walio hatarini, kwa uamuzi wa 1989, na Uingereza sheria yao ya pembe ya 2018 ilianza kazi 2022. Zipo ruhusa kwa vitu vya kale vyenye pembe kidogo lakini zinahitaji ushahidi wa umri. Usitoe mshikio ili kuikwepa sheria, utaharibu silaha na ushahidi kwa pamoja.

26. Inaonekana ya thamani kubwa mno, inaweza kuwa bandia?

Inaweza, na kadiri bei inavyopanda ndo uwezekano unaongezeka. Rivolva za Colt Walker za 1847 zilitengenezwa kama 1,100 tu, zilizo hai ni chache, na wanaodai wanayo ni wengi. Luger za alama adimu na Colt zenye alama za jeshi nazo zinatengenezewa alama mpya. Hapo maoni ya mthamini wa kawaida hayatoshi, mpe mtaalamu wa aina hiyo peke yake aishike mkononi, na mpaka atakapoandika, kwenye orodha inabaki "haijathibitishwa" bila bei. Mzee aliyeinunua kwa nia safi anaweza kuumia sana kusikia ni bandia, mwambie faragha, sio mbele ya wajukuu.

27. Risasi za zamani tufanyie nini?

Boksi kamili za zamani zenye lebo nzuri zina wakusanyaji wake, usizifungue. Zenye ukungu wa kijani, zilizopasuka shingo au zisizojulikana zisipigwe, ziulizie polisi au dila namna ya kuzisalimisha. Mabomu ya mkono na makombora yanayoonekana matupu usiyasogeze, piga simu.

28. Tathmini inadumu muda gani?

Mwaka mmoja, sio zaidi ya miwili. Ikitolewa modeli mpya ya kiwanda kilekile, kama Colt walivyoirudisha rivolva yao ya Python mwaka 2020, au sheria ikibadilika, ifanye upya hata kabla. Na ikiwa mzee baada ya kuona namba zote ameamua kubaki nazo, itunze ile orodha na picha pamoja na karatasi zake, ikiwa na maelezo ya nani aitwe siku ikifika.